Karatasi Niliyoiandika Mwenyewe

Nina faili la plastiki ambalo mama alininunulia sokoni mwaka ule nilipomaliza shule ya msingi. Ndani yake kuna manifesti ya familia, kitambulisho changu cha mkimbizi, kadi ya chanjo ya mdogo wangu, vyeti viwili vya shule na cheti kimoja cha semina ya siku tatu. Juzi mvua ilipenya kwenye mabati, nikazitoa zote nizianike. Nilipokuwa nazipanga upya nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kila karatasi pale iliandikwa na mtu mwingine. Kulikuwa na meza, nyuma ya meza kuna mtu, ananiuliza, mimi najibu, yeye anaandika. Hata jina langu aliliandika alivyolisikia, ndiyo maana kwenye manifesti nina herufi moja ambayo baba hakunipa.

Karatasi moja tu niliiandika mwenyewe, nayo ni CV.

Mimi ni mhamasishaji wa vijana hapa Kakuma. Nina miaka 25. Tulitoka Fizi, Kivu Kusini, nikiwa na miaka tisa, na nimesoma hapa hapa mpaka nikafanya mtihani wa KCSE. Jumanne na Alhamisi mchana nakaa na vijana kwenye kituo chetu tunaandika CV. Tuna kompyuta mbili. Moja ina herufi ya A ambayo haiandiki mpaka uibonyeze kwa nguvu, kwa hiyo kijana mwenye jina lenye A nyingi anajua atatoka jasho.

Kazi zenyewe mnazijua. Tangazo likibandikwa asubuhi kwenye ubao wa shirika, saa nne watu wamejaa, wengine wanalipiga picha kwa simu, wengine wanamwomba mwenzao awasomee. Nafasi ni moja au mbili, na nyingi ni za insentivu, ile posho tunayopewa sisi wakimbizi badala ya mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inasema mkimbizi anaweza kuajiriwa kama sifa zake zinatambuliwa, na kuna kibali cha kazi cha daraja M kilichowekwa kwa ajili yetu. Ni jambo jema. Lakini kutoka kwenye sheria mpaka mfukoni kuna safari, na wengi wetu bado tuko njiani. Halafu mwaka 2025 Marekani ikasitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, miradi ikafungwa, na watu waliokuwa na kazi wakarudi kusimama mbele ya ubao pamoja na sisi tuliokuwa hatuna.

Katika hali hiyo kila kijana ananiuliza swali moja: nifanye nini CV yangu ionekane kati ya hizo zote? Nitawaambia nilichojifunza, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mapema 2020, matokeo ya KCSE yakiwa bado ya moto, nilienda saiba nikatengenezewa CV. Jamaa wa saiba hakuniuliza swali hata moja zaidi ya jina, mwaka wa kuzaliwa na namba ya simu. Alifungua CV ya mtu mwingine, akafuta jina lake, akaweka langu. Dakika tano nikawa na kurasa mbili nzuri zenye mstari wa bluu juu. Iliandikwa kwa Kiingereza kizito kwamba mimi ni mchapakazi, ninajituma, ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo na kwa usimamizi mdogo. Iliandikwa pia kwamba ninajua kompyuta, hasa Excel. Nilifurahi. Nilijiona mtu mkubwa.

Nikaitwa intaviu. Yule mama aliyekuwa ananihoji aliisoma CV, akatabasamu, akageuza kompyuta yake upande wangu. Akasema, "Kaka, hapa kuna majina ya vijana na umri wao. Nipangie kuanzia mdogo mpaka mkubwa." Nilishika ile panya nikaizungusha. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Ukurasa ukapotea. Mpaka leo sijui niliupeleka wapi.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sawa, achana na hiyo. Niambie kitu ambacho umewahi kufanya wewe mwenyewe hapa kambini."

Nikamjibu, "Madam, sijawahi kufanya kitu."

Nilitembea kurudi nyumbani nikipita kando ya ule mto mkavu, na njiani nikaanza kujikasirikia. Sijawahi kufanya kitu? Miaka miwili, 2018 na 2019, mimi ndiye niliyekuwa napanga ligi ya mpira ya upande wetu. Timu 12, kila moja inakutana na kila nyingine mara moja, hizo ni mechi 66. Ratiba niliichora mimi. Daftari la michango ya kununua mpira nililitunza mimi, na hakuna shilingi iliyopotea. Timu ya Wasudan Kusini ilipogombana na timu yetu ya Wakongo kwa sababu ya penalti, mimi ndiye niliyekwenda na wazee wawili kukaa nao mpaka usiku, na Jumamosi iliyofuata wakacheza tena. Hayo yote hayakuwa kwenye CV. Kwenye CV kulikuwa na Excel.

Ile kazi nilikuwa naomba, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa ya kusimamia michezo ya vijana.

Basi la kwanza ninalowaambia vijana ni hili: usianze na kompyuta, na usianze na Kiingereza. CV tunaipeleka kwa Kiingereza, hiyo ni kweli, lakini kwanza nieleze kwa Kiswahili, au kwa Kibembe, au kwa lugha yoyote tunayoelewana, juzi ulifanya nini. Wiki iliyopita ulifanya nini. Nani akikwama anakuja kukugongea mlango, na anakuja kwa shida gani? Kijana anasema, "Hapana, mimi nakaa tu." Nasubiri. Baada ya muda anasema, "Labda ile ya kuwachajia watu simu kwa sola." Haya, simu ngapi kwa siku? Tangu lini? Nani anakuletea? Unajuaje simu ni ya nani? Kumbe ana daftari, ana namba, ana vibandiko, na kwa mwaka mzima hajachanganya simu ya mtu. Hiyo ni kazi ya stoo. Hiyo ni kazi ya kuaminiwa na mali ya watu. Tunaiandika hivyo: tangu mwezi gani, vitu vingapi, kwa utaratibu gani.

"Mchapakazi" ni neno ambalo watu mia wameandika. Mechi 66 ameandika mtu mmoja.

La pili ni mambo madogo ambayo yanatuangusha sisi zaidi ya wengine. Jina kwenye CV lifanane na jina kwenye kitambulisho chako na kwenye cheti cha shule. Kama havifanani, na wengi wetu havifanani, usinyamaze, andika jina la kitambulisho, halafu chini yake andika kwamba kwenye cheti linasomeka hivi. Mtu wa ofisini akikuta majina mawili bila maelezo, atadhani ni watu wawili. Namba ya simu: wengi tunatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, leo unayo, kesho mwenyewe ameichukua. Weka namba mbili, na ya pili iwe ya mtu ambaye anapokea na anajua mlango wako. Nimeona kijana ameitwa intaviu, simu ikaita kwa jirani, jirani akasahau kusema mpaka Jumapili. Na wale mliomaliza sekondari Kongo, msiandike tu Diplôme d'État mkaacha hapo. Msomaji wa hapa hajui ni kitu gani. Elezeni kwa maneno machache kwamba ni cheti cha kumaliza sekondari, mwaka gani, mchepuo gani. Ikiwa kazi inahitaji cheti kilinganishwe na cha Kenya, KNEC ndio wanaolinganisha vyeti vya sekondari vya nje, na ni afadhali kuuliza utaratibu wake mapema kuliko siku ya mwisho ya tangazo.

La tatu ni gumu zaidi. Ni ile miaka iliyo wazi.

Mwaka jana alikuja mama mmoja, mwalimu, ametoka upande wa Uvira. Sisi tunamwita Mwalimu na hatuna jina jingine kwake. CV yake ilisema alifundisha shule ya msingi tangu 2007 mpaka 2013, halafu ikaanza tena 2017, alipofika Kakuma. Katikati hakuna kitu. Aliniambia intaviu mbili aliulizwa, "Hii miaka minne ulikuwa wapi?" Mara ya kwanza alisema alikuwa mgonjwa. Mara ya pili alianza kulia, wakampa maji, wakamshukuru, hawakumpigia.

Nilimwambia, "Shikamoo Mwalimu, naomba niulize kwa heshima. Ukitaka usinijibu."

Akasema, "Uliza, mwanangu."

"Katika hiyo miaka minne, asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

Alinyamaza. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole. Kwanza Bujumbura, kwa ndugu. Halafu Tanzania. Pale alikuwa na watoto wake watatu na watoto wa watu wengine, hakuna shule karibu, basi akawa anawakusanya chini ya mti, anaandika kwa mkaa kwenye kipande cha mbao. Walianza saba. Walipohama walikuwa zaidi ya thelathini. Wengine walijua kusoma kwa sababu ya ule mkaa.

Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo ndiyo miaka yako yenye nguvu kuliko yote, na umeificha."

Tukaandika mistari miwili tu. Kwamba 2013 mpaka 2017 alikuwa katika uhamisho kwa sababu ya vita, na kwamba katika muda huo alianzisha na kufundisha darasa la kusoma na kuandika kwa watoto zaidi ya thelathini, bila vitabu. Hatukuandika kilichotokea Uvira. Hilo ni lake. CV si mahali pa kueleza majeraha yako kwa mtu ambaye hujui atafanya nini nayo, na hakuna mwajiri mwenye haki ya kukudai ulie ili akuamini. Lakini pia si mahali pa kujifanya hukuwepo duniani miaka minne. Ulikuwepo. Uliamka asubuhi, ukafanya kitu. Andika hicho kitu.

Sasa ngoja niseme kuhusu uongo, kwa sababu wanaosoma hapa wataniona malaika. Kuna kijana mmoja ananiita yaya, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa. Alitaka niandike kwamba ana diploma. Anajua mtu anayetengeneza. Akaniambia, "Yaya, wote wanadanganya. Mimi peke yangu nikisema ukweli, nitapita wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Ni kweli wapo waliodanganya wakapata. Nilimwambia tu habari ya ile panya na ule ukurasa uliopotea. Nikamwambia kwamba karatasi nyingine zote tulizonazo, tukikuta kosa, tunapanga foleni miezi mingi kuomba mtu alirekebishe. Hii moja ni yetu. Tukiijaza maneno ya mtu mwingine, au diploma ya mtu mwingine, tutakuwa hatuna hata karatasi moja inayosema sisi ni nani. Alinitazama akasema, "Hayo ni maneno ya mtu mwenye kazi." Na hapo alinishinda kidogo. Lakini diploma hatukuiandika.

Mpaka hapa nimeongea na vijana. Sehemu iliyobaki naongea na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, kwa sababu najua mnalisoma jarida hili, na wengine wenu ni rafiki zangu.

Kuna mama wa bloku yetu alikuwa mkalimani kwa miaka sita. Kibembe, Kirundi, Kiswahili, na Kiingereza cha kutosha. Amekaa katikati ya daktari na wagonjwa ambao hawaelewani neno. Amewaambia watu habari ambazo mimi nisingeweza kuzisema kwa lugha yoyote. Mwaka 2025 mradi wao ulifungwa. Waliambiwa wiki ile ile. Bosi wake, mtu mwema kabisa, naye alipoteza kazi, akarudisha kompyuta ya ofisi, akapanda gari akaenda. Kila mtu alikuwa na haraka na huzuni yake.

Miezi michache baadaye likatoka tangazo la mkalimani mahali pengine. Mama akaja kituoni, tukaandika CV nzuri, labda nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Miaka sita, lugha nne, siku tano kwa wiki. Mwishoni tukaweka watu watatu wa kuulizwa habari zake. Wakaandika kwa wale watatu. Barua pepe zote tatu zikarudi, kwa sababu zilikuwa anwani za ofisi, na ofisi haipo. Wakamwomba barua ya kazi. Hana. Mikataba yake ilikuwa ya miezi sita sita, nakala zilibaki kwenye kabati la ofisi. Wakamwambia kwa upole kwamba uzoefu wake hauwezi kuthibitishwa.

Miaka sita haiwezi kuthibitishwa. Alikuja kuniambia amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akasema, "Basi mwanangu, inaonekana niliota."

Alikuwa na kitu kimoja. Alikuwa na madaftari. Kila siku ya kazi aliandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na lugha alizotafsiri. Hakuandika jina la mgonjwa hata mmoja, kwa sababu alifundishwa usiri na aliushika. Madaftari manne ya kurasa 96. Tulipiga picha kurasa chache, tukatafuta kwa WhatsApp mpaka tukampata muuguzi mmoja aliyefanya naye kazi, sasa yuko mji mwingine. Akaandika barua jioni ile ile, na kuweka namba yake mwenyewe. Lakini ile nafasi ilikuwa imeshakwenda. Barua iko kwenye faili lake. Anasubiri tangazo lingine.

Ndugu zangu wa mashirika, siwaombi kazi hapa. Najua hamna kazi za kugawa, na wengine wenu mnatafuta kama sisi. Naomba mistari minne. Kabla hujarudisha kompyuta ya ofisi, mwandikie kila mtu wa insentivu aliyefanya kazi nawe: jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, alifanya nini hasa, tangu lini mpaka lini, na namba yako ya simu ambayo utakuwa nayo hata baada ya mradi. Piga mhuri kama upo. Inachukua dakika kumi. Usingoje siku ya mwisho, kwa sababu tumeona siku ya mwisho inavyokuja. Mtu ameuza miaka yake kwako kwa posho. Barua inayosema miaka hiyo ilikuwepo ni sehemu ya malipo yake.

Na nyinyi vijana, iombeni hiyo barua mkiwa bado kazini, siyo baadaye. Mimi niliona aibu kuomba. Nilidhani bosi atafikiri nataka kuondoka. Baada ya habari ya yule mama nilijikaza, nikaenda na karatasi ya sisi wenzake saba, majina yameandikwa vizuri na tarehe zetu, nikamwambia, "Bosi, tunaomba hizi wakati bado tuko pamoja." Alinyamaza kidogo, akasema hajawahi kufikiria. Ijumaa zilikuwa tayari, saba zote. Akaniuliza, "Na mimi nani ataniandikia?" Tukacheka, lakini hakuwa anatania sana.

Sitawadanganya kwamba CV nzuri inaongeza nafasi za kazi. Nafasi moja inabaki moja. Yule Mwalimu sasa anafundisha, mkataba wake unaisha Desemba, na hakuna anayejua Januari itakuwaje. Kijana wa diploma bado anatafuta. Wa kuchaji simu hakupata kazi ya stoo, lakini aliniambia kwamba tangu tuandike ile CV ameanza kuandika pia mwezi mzima ameingiza kiasi gani, na ameongeza betri ya pili.

Kwa hiyo kituo kiko wazi Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nane. Njoo na vyeti vyako, hata vile vilivyonyeshewa. Kama una daftari lolote, la madeni ya duka, la kwaya, la zamu ya maji, la ligi, njoo nalo. Kama huna, nunua moja njiani, andika tarehe ya leo, na uandike ulichofanya. Tutaanzia hapo.